Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Sheria za Mazingira na Nishati Tanga, Nani Analipa na Nani Anafaidi

Maswali haya nimeyakusanya mwenyewe. Mengi nimeulizwa kwenye mabaraza ya Ngamiani, mengine pale soko la samaki la Deep Sea baada ya mnada wa asubuhi, na mengine kwenye mikutano ya mitaa ambako wakazi huitwa watoe maoni kuhusu mradi unaokuja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea watu karatasi zinazowahusu, lakini zilizoandikwa kwa namna ambayo wao hawawezi kuzielewa. Majibu ni yangu, na pale nilipo na upande nimesema wazi.

Wataalamu wakisema "gharama na faida" wana maana gani?

Wanachukua kila kitu ambacho sheria itagharimu, mathalani chujio la moshi kiwandani, mishahara ya wakaguzi, ajira zitakazopotea, wanakiweka upande mmoja wa mzani. Upande wa pili wanaweka kile sheria itakachookoa: wagonjwa watakaopungua, samaki watakaobaki, ardhi isiyomomonyoka. Vyote vinageuzwa shilingi. Upande wa pili ukiwa mzito, wanasema sheria ina tija.

Hesabu hiyo siidharau, maana bila hiyo tungebaki na maneno matupu. Lakini ina tundu: inajumlisha. Mvuvi wa Kigombe akipoteza milioni moja na mwenye hoteli akapata milioni mbili, karatasi itasema nchi imepata milioni moja. Yule mvuvi hana hiyo milioni, na hakuna aliyemletea. Kwa hiyo kwenye kila jibu hapa chini nauliza nani analipa, nani anafaidi, na lini.

Kuvua kwa kupiga baruti kulikatazwa zamani. Mbona kuliendelea, na kuzuiwa kwake kumemfaidi nani?

Kulikatazwa kisheria tangu 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikarudia katazo hilo. Hata hivyo kwa miaka mingi mtu aliyeamkia Raskazone siku ya bahari shwari aliweza kusikia mlipuko kabla hajanywa chai.

Sababu ni hesabu ileile. Chupa moja ya baruti, dakika chache, ndoo kadhaa za samaki, na faida yote inaingia kwenye chombo kimoja. Hasara inagawanywa kwa kila anayevua kwenye mwamba ule, leo na miaka ishirini ijayo, kwa kuwa matumbawe yakishasagika kuwa kokoto hayahifadhi tena watoto wa samaki. Hasara iliyotawanywa hivyo haimuumi mtu mmoja kiasi cha kumfanya asimame kushitaki, ilhali faida iliyokusanyika mahali pamoja inamtosha mwenyewe kuitetea kwa kila njia. Uchafuzi wa mazingira karibu wote uko hivyo, uwe wa baruti au wa moshi.

Mama yangu alichuuza samaki miaka mingi. Alikuwa anamshika changu mkiani kwa vidole viwili na kumwinua. Wa ndoano hukaa mkakamavu. Wa bomu huning'inia, kwa sababu uti wa mgongo umevunjika ndani ijapokuwa ngozi haina hata mkwaruzo. Ukimpasua unakuta damu imevilia na kifuko cha hewa kimepasuka. Huyo hafiki adhuhuri kabla hajaanza kunuka. Mama hakumkataa kwa kuogopa sheria. Alikuwa anakwepa hasara ambayo mpiga bomu alikuwa anamsukumia yeye.

Msako ulipobanwa kwa nguvu, hasa baada ya kikosi kazi cha pamoja kuundwa mwaka 2015, milipuko ilipungua sana. Waliofaidi ni wa madema, wa mishipi na wachuuzi kama mama. Waliolipa zaidi walikuwa vijana wa kuzamia na kubeba, ambao hawakuwa na chombo wala nyavu zao; mwenye mtaji alihamia biashara nyingine, wao wakabaki ufukweni. Naunga mkono katazo hilo bila kusita. Nasikitika kwamba wale vijana walipata pingu haraka kuliko walivyopata mkopo wa nyavu.

Hifadhi ya silikanti inatusaidia nini sisi tusiomla silikanti?

Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka duniani pamoja na dinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wetu wakawa wanamtoa kwenye majarife, nyavu kubwa za papa, yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Swali hili huulizwa kwa hasira na nadhani hasira hiyo ina haki. Anayefaidi kwa silikanti kuendelea kuishi ni dunia nzima na watoto ambao hawajazaliwa. Anayetakiwa kutoa jarife majini ni mtu wa Kigombe au Tongoni, leo. Kama dunia inamtaka samaki huyu, basi dunia ichangie, na mapato ya hifadhi yaonekane kijijini kwa namna ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole: zahanati, boti ya doria inayoendeshwa na wenyeji, ada za shule.

Kuna katazo dogo ambalo hesabu yake hurudi haraka kwa yuleyule aliyelipa, nalo ni kufunga mwamba wa pweza. Pweza hukua upesi mno. Ukiacha mwamba miezi michache unakuta wakubwa. Kusini magharibi mwa Madagaska wamefanya hivyo tangu 2004, na Pemba, kule Kisiwa Panza, wamefanya pia. Gharama ni miezi mitatu ya subira na faida inaonekana siku ya kufungua. Ndiyo maana sheria ya namna hiyo wanakijiji huilinda wenyewe bila bunduki.

Kwa nini siruhusiwi kukata boriti za mikoko ilhali babu zangu walijengea?

Kwa sababu mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Juu ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito.

Babu zako walikata wakiwa wachache na mikoko ikiwa mingi. Sasa kuna nyumba, kuna mashamba ya chumvi, kuna wachemshaji chumvi wanaotumia kuni. Mizizi ya mkoko ndiyo kitalu cha kamba na samaki wachanga, na ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi yasile ardhi. Kinachonikera ni utekelezaji. Mita 60 hupimwa kwa ukali mbele ya kibanda cha mvuvi, kisha utepe wa kupimia unapotea pakitokea ukuta wa zege.

Wanawezaje kuuwekea uhai wa mtu bei? Si dhambi?

Hawasemi marehemu fulani alikuwa na thamani hii. Wanaangalia watu wako tayari kulipa kiasi gani kupunguza hatari ndogo ya kifo, kisha wanakokotoa. Huenda usiipende njia hiyo, mimi mwenyewe siipendi sana, lakini afya isipoandikwa kwenye hesabu kabisa, husomeka sifuri. Sifuri ni bei mbaya kuliko zote.

Mimi naogopa zaidi kitu kingine kwenye karatasi hizo: kiwango cha punguzo. Shilingi ya kesho huhesabiwa pungufu kuliko ya leo, kama riba inayokwenda kinyumenyume. Chukua faida ya shilingi milioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 30. Ukitumia asilimia 3 kwa mwaka, leo inahesabiwa kuwa kama Sh 412,000. Ukitumia asilimia 10, inashuka mpaka kama Sh 57,000. Mkoko ni uleule na bahari ni ileile. Mtu mmoja ofisini amebadilisha tarakimu moja, na msitu ambao ulikuwa na thamani ya kulindwa umekuwa mzigo. Ukipewa ripoti yoyote ya mradi, tafuta tarakimu hiyo kabla hujasoma hitimisho.

Sheria nyingi hazitafukuza wawekezaji?

Baadhi zitawafukuza baadhi. Kiwanda kinachopata faida kwa sababu tu uchafu wake unasafishwa na mapafu ya majirani, kikiondoka hatujapoteza faida. Tumeacha kuwafadhili wenye nacho.

Ila tusiishie kwenye maneno. Marekani ina sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, iliyoongezwa makali 1990. Mwaka 2011 mamlaka yao ya mazingira ilitoa tathmini ya marekebisho hayo ya 1990: kufikia 2020 gharama za kuyatekeleza zilikadiriwa kuwa dola bilioni 65 kwa mwaka, na faida karibu dola trilioni 2, sehemu kubwa ikiwa ni vifo vya mapema vilivyozuiwa. Hata ukikata faida hizo robo tatu kwa kutowaamini, mzani hauhami.

Mfano wa karibu zaidi ni petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha kuiuza 2021. Risasi ile ilikuwa inaingia kwenye ubongo wa watoto wanaocheza kando ya barabara. Walioambiwa kwamba magari yatakufa na bei itapaa waliona wenyewe: daladala zinatembea mpaka leo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kwamba kuondolewa kwa risasi huzuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka duniani.

Na kuna wakati gharama ya kusafisha hugeuka mali. Sisi wa Tanga tunalijua jani la mkonge. Likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni chini ya asilimia 5 ya uzito wake. Kinachobaki ni tope la kijani lenye harufu kali, ambalo kwa miongo mingi lilitiririshwa mitoni. Pale Hale, mwaka 2008, kulizinduliwa mtambo wa kutengeneza gesi kwa mabaki hayo na kuzalisha umeme. Ulikuwa mdogo, wa kilowati mia kadhaa tu, na sitaki kuukuza kuliko ulivyokuwa. Lakini ulionyesha kwamba "taka" na "malighafi" mara nyingi hutofautishwa na sheria inayokukataza kumwaga.

Katazo la kuni na mkaa linamhusu mama lishe?

Hapana. Agizo liliwahusu wenye taasisi, yaani shule, magereza, hospitali, vyuo, zinazolisha kuanzia watu 100 kwa siku. Tarehe za mwisho zikawekwa Januari 2024 na Januari 2025 kwa makundi mawili. Mama lishe anaguswa na mkakati mpana, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mkakati una malengo. Hauna polisi wa kumwaga masufuria yako.

Mgambo akikwambia vinginevyo, muombe akuonyeshe maandishi.

Mkaa una ubaya gani kiasi hicho?

Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Kwa hiyo gunia unaloliona limebebwa kwenye pikipiki kutoka Handeni ni miti mingi kuliko inavyoonekana. Upande wa afya, serikali hutaja watu wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Wengi ni akina mama na watoto wanaokaa nao jikoni. Nani analipa? Yule aliyeinama mbele ya jiko. Swali hili halihitaji maneno mengi.

Basi kipi rahisi kwa fedha: mkaa, gesi au umeme?

Hapa ndipo nilipoulizwa mara nyingi mno, mpaka nikaamua kupima jikoni kwangu Makorora. Nilichukua nusu kilo ya maharage ya njano, hayajalowekwa. Nikazima friji na taa zote, nikasoma mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ambayo huonyesha uniti zilizobaki: 41.62. Nikayaweka kwenye jiko la presha la umeme. Baada ya dakika 50 yameiva, yanapondeka kwa kijiko. Mita: 41.25. Zimetumika uniti 0.37.

Uniti ya daraja la kawaida la nyumbani ni Sh 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), inafika kama Sh 356. Maharage yale yakanigharimu kama Sh 132. Ukiwa kwenye daraja dogo la Sh 100, ambalo na makato yake ni Sh 122, ungelipa kama Sh 45. Kesho yake nikapika nusu kilo nyingine kwa mkaa wa shilingi elfu moja: uliisha zaidi ya nusu, na jioni ikaingia maharage yangali jikoni.

Kwa hiyo kwa maharage, makande, nyama ngumu na pweza, umeme unaushinda mkaa kwa mbali. Kwa chapati na samaki wa kukaanga presha haikufai, gesi inafaa zaidi.

Mbona basi watu hawahami? Kwa sababu bei ya jiko lile, dukani niliponunua, ilikuwa sawa na magunia mawili ya mkaa, tena taslimu. Anayenunua mkaa kwa kopo hanunui hivyo kwa kupenda. Ndicho kiasi alicho nacho siku hiyo. Mtungi wa gesi ni hivyohivyo. REA imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, na hilo ni jema, lakini gesi ikiisha unatakiwa ulipe mtungi mzima kwa mpigo. Nimeingia nyumba kadhaa nikaukuta mtungi umefunikwa kitambaa kizuri sebuleni, na jiko la mkaa linawaka uani. Umeme wa LUKU angalau unauzwa kwa elfu moja, na kwa hilo unamfaa zaidi mwenye kipato cha siku kwa siku.

Lakini kuna kasoro ambayo ningependa wenye mamlaka waisome. Lile daraja dogo la D1 linakupa bei nafuu mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa Sh 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka unahamishiwa daraja la kawaida. Mama aliyekuwa na taa nne na redio anatumia uniti 30. Mpe jiko la presha na jiko la sahani, apike kila siku kama mnavyomhimiza, ataifikia 75 na kuivuka. Siku anayoacha mkaa ndiyo siku umeme wake unapanda karibu mara tatu. Nchi inamwita mbele kwa mkono mmoja na kumrudisha nyuma kwa mwingine. Kupandisha kikomo hicho, au kuweka uniti za kupikia kando, kungeokoa misitu kuliko mabango yote niliyoyaona barabarani.

Umeme wa maji si safi tayari? Kwa nini watu wa mazingira wanaulalamikia?

Hautoi moshi, ndiyo. Lakini maji yanayozungusha mtambo yalikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo.

Mto Pangani wetu una Hale, megawati 21 tangu 1964, na Pangani Mpya yenye megawati 68. Maji hayohayo yanagombewa na wenye mashamba ya umwagiliaji huko juu, Kilimanjaro na Arusha. Yanapofika machache mdomoni mwa mto, bahari hupanda, na wakulima wa huku chini wanaona minazi na mashamba yakiingia chumvi. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya LUKU ya mtu yeyote.

Mwenzake ni Kihansi, kule Nyanda za Juu Kusini. Chura mdogo wa njano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai aligunduliwa mwaka 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, duniani kote. Mtambo wa megawati 180 ukayaelekeza maji kwingine. Chura akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakaanza kurudishwa nchini 2010. Imebidi manyunyu ya bandia yatengenezwe kwa mabomba. Nilipowasimulia wanafunzi wa sekondari kisa hiki, mmoja aliuliza gharama ya mabomba hayo ilikuwa kwenye bei ya mradi tangu mwanzo au iliongezwa baadaye. Mwanafunzi huyo alikuwa ameelewa somo zima.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024. Mgao wa umeme tuliouzoea umepungua, na mimi mwenye friji nashukuru. Wenye mashamba ya mafuriko na uvuvi wa delta ndio wa kuulizwa upande wa pili wa hesabu, na miaka michache haitoshi kuwasikia.

Bomba la mafuta la Chongoleani: ni baraka au hasara?

Kwanza ukweli wake. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, na kilomita zaidi ya 1,100 ziko Tanzania, zikipita mikoa minane. Mafuta ya Uganda ni mazito, yana nta, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto lifike kama nyuzi 50 za Selsiasi. TotalEnergies ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017 na Marais Magufuli na Museveni.

Ada ya kusafirisha ni dola 12.77 kwa pipa. Vijiweni watu huchukua namba hiyo, wakaizidisha kwa mapipa 216,000 ya siku, wakapata kama dola milioni 2.76 kwa siku na kusema Tanga itakuwa Dubai. Hapana. Hiyo ni ada ya kampuni ya bomba, na humo mnatoka mikopo, riba, umeme wa kupasha moto na matengenezo. Tanzania inapata sehemu yake kwa hisa, kodi na ajira. Si haba, lakini si yote.

Upande wa pili kuna hatari ya kumwagika karibu na matumbawe na mikoko, na kuna moshi wa mafuta hayo yatakapochomwa, ambao hautaonekana Tanga bali utaingia kwenye hewa ya wote. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi Septemba 2022, na wengi hapa walikasirika, wakisema Ulaya ilijenga utajiri wake kwa makaa ya mawe. Hasira hiyo naielewa. Lakini mvuvi wa Chongoleani hapaswi kujibiwa kwa historia ya Ulaya. Anauliza mafuta yakimwagika usiku, boti ya kuzuia iko wapi, inachukua dakika ngapi, na nani atamlipa kwa miezi ambayo hawezi kuvua. Hayo yanajibika, na yajibiwe kwa maandishi.

Ardhi yangu ikichukuliwa kwa mradi, fidia inahesabiwaje?

Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zinataja mafungu: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20), posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Malipo yakipita miezi 6, unadai riba.

Usisaini fomu ambayo safu ya kiasi iko wazi. Hesabu minazi yako mwenyewe kabla mthamini hajafika, mbele ya shahidi, na uandike iliyozaa na michanga kando kando.

Katazo la mifuko ya plastiki lilileta nini?

Lilianza 1 Juni 2019. Mitaro ya Ngamiani inapumua, hilo naliona kila masika. Waliolipa ni wafungashaji wadogo wa karanga na ubuyu, ambao walichelewa kupata mbadala wa bei yao. Na ieleweke kwamba ile mifuko laini kama kitambaa tunayouziwa sokoni ni polipropilini, yaani plastiki ya aina nyingine. Kiwango kinataka iwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba ili itumike mara nyingi. Ule mwembamba unaochanika siku ya kwanza ni mfuko uleule uliokatazwa, umevaa nguo mpya.

Nasikia mamlaka ya maji ilikopa kwa ajili ya mazingira. Ni kweli?

Kweli, na ni habari njema. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, Februari 2024, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilitafuta Sh bilioni 53.12 ikapata bilioni 54.72. Maji yetu yanatoka mto Zigi, unaoanzia Usambara Mashariki. Riba ile italipwa na sisi wateja, kwa hiyo tuna kila sababu ya kujali mkulima wa Amani na Kihuhwi analima vipi kando ya mto. Akipanda miti mtoni, tope linapungua na dawa ya kusafishia maji inapungua. Kazi kaifanya yeye, nafuu tunaipata sisi mjini. Ningependa kuona sehemu ya bili yangu ikimrudia.

Je, naweza kuisoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira?

Ndiyo, ni haki yako. Ripoti inatakiwa iwe na muhtasari wa Kiswahili usio na lugha ya kitaalamu. Kumbuka tu kwamba mtaalamu aliyeiandika hulipwa na mwenye mradi. Si lazima awe mwongo, lakini soma ukiwa macho: angalia mkutano wa wakazi ulifanyika lini, saa ngapi, na majina ya waliohudhuria. Niliwahi kukuta orodha ya kijiji kimoja cha wavuvi ambapo mkutano uliitishwa saa nne asubuhi ya maji kujaa, na kwenye orodha nzima hakuna mvuvi hata mmoja. Wote walikuwa baharini.

Nikiona maji machafu yanatiririka mtoni au baharini, nianzie wapi?

Kamati ya mazingira ya mtaa au kijiji, kisha afisa mazingira wa halmashauri, na wasipokusikiliza, NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kwa hiyo huendi kuomba hisani.

Andika tarehe na saa. Piga picha yenye kitu kisichohama, kama daraja au mnazi uliopinda, ili mahali pajulikane. Chukua chupa safi, ikaushe, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, kisha ijaze mpaka juu pasibaki hewa na uifunge. Chukua nyingine juu ya mto, kabla ya mahali uchafu unapoingia. Ziandike "juu" na "chini" kwa wino usiofutika, uziweke kwenye ndoo yenye barafu kama ya samaki, uzipeleke siku hiyohiyo. Dai risiti ya kupokelewa kwa barua yako, yenye muhuri.